Kichujio kisichojua biashara yetu

Mtu akisikia kwamba ofisi yetu inaendesha seva yake ya barua pepe, swali lake la kwanza huwa ni barua taka kiasi gani tunazuia. Hilo ndilo jambo jepesi. Ukitaka kuzuia taka zote, zima seva, umemaliza. Kazi iko kwenye kuzuia taka huku barua ya mteja ikipita, na mteja mwenyewe, maskini, anaandika kama tapeli bila kujua.

Nieleze biashara kwanza, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Sisi ni mawakala wa forodha hapa Kampala, upande wa Nakawa, na tuna vijana wetu Malaba. Mizigo inashuka Mombasa, mingine Dar es Salaam, inapanda na malori hadi huku. Sehemu yake haibaki Uganda: inaendelea hadi Mpondwe na kuvuka kwenda Beni na Butembo, au inakata kusini kuelekea Kigali. Ndiyo maana kazi yetu inafanyika kwa Kiswahili. Dereva wa Mombasa, karani wa Malaba, mfanyabiashara wa Butembo na mimi hatuna lugha nyingine inayotukutanisha sote. Kiingereza ni cha hati. Kiganda ni cha ofisini, cha mizaha na cha kuagizia matooke mchana.

Sasa tazama barua zinazotufikia siku ya kawaida. Malipo ya haraka. Dola zimetumwa, thibitisha. Kontena lako limekwama bandarini, lipa leo usitozwe gharama za kuchelewa. Ankara iko kwenye kiambatisho. Tafadhali badilisha jina la mpokea mzigo. Hizo zote ni kazi yetu halali. Na hizo hizo, neno kwa neno, ndizo tapeli anazorusha dunia nzima akingoja atakayenasa.

Kwa nini tusiwaachie wenye kampuni kubwa za barua pepe? Hajji, mwenye kampuni, hakutaka kulipia kila sanduku la barua kwa dola kila mwezi, wakati nusu ya watu wetu wako mipakani na hupokea barua chache tu. Akanunua mashine, akanikabidhi. "Wewe si ndiye umesomea kompyuta?" Mjadala ukaishia hapo. Mfumo wenyewe ni wa kawaida na hauna gharama ya leseni: Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot ya kuhifadhi na kusomea, SpamAssassin ya kupima taka. Kampuni moja ya mjini ndiyo iliyotufungia, kisha ikaondoka na kutuachia.

Mlinzi wa kwanza hasomi barua hata kidogo. Katika itifaki ya SMTP, kanuni ambazo seva hufuata zinapopeana barua, seva inayopokea ndiyo inayoanza kusalimia, kwa mstari unaoanza na namba 220, na mgeni husema baada ya salamu hiyo kwisha. Postfix ina sehemu iitwayo postscreen, iliyoingia na toleo la 2.8 mwaka 2011, ambayo hutoa kipande cha salamu halafu hunyamaza sekunde 6. Seva ya kweli husubiri. Programu za kumwaga taka zina haraka, zina maelfu ya watu wa kuwafikia kabla hazijagunduliwa, kwa hiyo huanza kutoa amri zao salamu ikiwa bado haijaisha. Kwenye logi, kumbukumbu ya matukio ya seva, unaona neno PREGREET, anwani ya IP ya mgeni (namba ya mashine yake kwenye intaneti), na muda aliokaa kabla ya kudakia: mara nyingi sehemu ndogo ya sekunde. Napenda kuisoma logi hiyo asubuhi na chai. Kinachowakwaza wengi ni kwamba postscreen, ukiiacha ilivyokuja, humwandika tu mdakiaji kisha humpitisha. Ni lazima uiambie wazi imkatae.

Mlinzi wa pili ni ile mbinu ya kuahirisha, orodha ya kijivu. Mtumaji asiyejulikana anapewa jibu la muda, namba 450, kwamba sasa hivi haiwezekani, jaribu tena. Anayedai haki yake hurudi. Mpita njia haoni sababu. Programu ya Postgrey, kwa mpangilio wake wa awali, hungoja sekunde 300. Dakika tano si kitu, utasema. Lakini seva ya upande wa pili ndiyo inayoamua itarudi lini, na nyingine hurudi baada ya nusu saa au zaidi. Watoa huduma wakubwa nao hurudi kwa anwani nyingine kabisa, hivyo seva yako inawaona wageni upya. Huku lori limesimama Malaba, dereva anapiga simu kila baada ya dakika chache, na barua ya kuachia mzigo inazungushwa na mashine mbili zinazoambiana "baadaye". Mimi siitumii mbinu hiyo tena kwa kila mtu. Inawapata wale tu ambao dalili zao nyingine tayari ni mbaya, na yeyote tuliyewahi kumwandikia sisi wenyewe anapita moja kwa moja.

Halafu kuna orodha nyeusi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili jambo limewaumiza wengi na maelezo yake hayaonekani hadi uyatafute. Shirika la Spamhaus hutunza orodha za anwani za IP zinazojulikana kwa kutuma taka, pamoja na zile ambazo hazipaswi kutuma barua moja kwa moja, kama intaneti za majumbani. Seva yako huuliza kupitia DNS, mfumo wa intaneti wa kutafuta majina na anwani: anwani hii mnaifahamu? Ikijibiwa 127.0.0.2 au namba za jirani yake, anwani imo. Isipojibiwa, haimo. Sasa, mashine nyingi za hapa zimewekewa 8.8.8.8 kama seva ya DNS, ile ya Google, kwa kuwa ndiyo kila fundi anayoikumbuka kichwani. Spamhaus hawajibu maswali ya bure yanayopitia seva za namna hiyo za watu wote. Wao hurudisha 127.255.255.254, maana yake ni "umeuliza kwa njia isiyoruhusiwa". Seva iliyoelekezwa kwamba jibu lolote ni ushahidi wa hatia itakataa barua za dunia nzima, nzuri na mbaya, bila kubagua.

Ofisi ya jirani yetu ghorofa ya chini ilinyamaziwa na wateja kutwa nzima kwa sababu hiyo, na walikuwa wanalaumu kebo. Dawa ina sehemu mbili. Funga Unbound, programu ya kuulizia DNS, kwenye seva yenyewe, ili iulize DNS kwa jina lake badala ya kupitia kwa mtu. Kisha iandikie Postfix majibu unayoyakubali tu: zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]. Mabano hayo yenye namba yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayotenganisha jibu na lawama.

Baada ya milango hiyo ndipo barua inaposomwa. SpamAssassin hutoa alama: kila dalili ina uzito wake, na jumla ikifika 5 barua ni taka. Ukifungua vichwa vya barua unaona hesabu yote, na hiyo ndiyo sababu ninaipenda kuliko mifumo isiyojieleza. Barua iliyonifanya nianze kusoma hesabu hizo kwa makini ilitoka kwa mama mmoja wa Butembo, mteja wa miaka mingi, anayeagiza vitenge na vyombo vya plastiki. Kichwa chake kilikuwa herufi kubwa tupu: KONTENERI YETU MUTUSAIDIE HARAKA. Ndani, Kiswahili cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa: avansi (malipo ya awali) walishatuma, wanaomba mzigo usilale Mombasa, picha ya risiti ya benki iko chini. Ameandika kwa akaunti ya bure, kwa simu.

Hesabu ilikuwa hivi. SUBJ_ALL_CAPS, kwa sababu ya herufi kubwa. FREEMAIL_FROM, kwa sababu ya akaunti ya bure. Dalili nyingine kwa sababu ya picha kubwa na maneno machache. Na juu yao BAYES_99, ambayo peke yake ni alama 3.5. Mama wa watu akatupwa kwenye folda ya taka. Alipopiga simu hakuanza na hasira. Aliniuliza habari za nyumbani, habari za watoto, kisha: "Papa, mulipata barua yangu ao hapana?"

BAYES_99 ndiyo iliyomhukumu hasa. Hesabu hiyo imepewa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki 1761, ambaye sidhani aliwahi kuota vitenge vya Butembo. Inavyofanya kazi ni rahisi kuieleza: unaipa barua taka nyingi na barua halali nyingi, inahesabu kila neno limeonekana wapi zaidi, kisha barua mpya ikija inajumlisha maneno yake na kukisia. Haina akili nyingine zaidi ya ile uliyoilisha. Na ile yetu ilikuwa imelishwa na watu wengine. Kampuni iliyotufungia mfumo ilinakili hifadhidata iliyokwisha kufundishwa kwingine, kwenye ofisi ambazo neno "kontena" au "avansi" au "dola" halikuwahi kuja na habari njema. Kwa hifadhidata ile, biashara yetu yote ilikuwa utapeli.

Nikaifuta yote. Amri ni moja, sa-learn --clear, na inatisha kidogo unapobonyeza kitufe. SpamAssassin haitumii Bayes mpaka iwe imejifunza angalau taka 200 na barua halali 200, kwa hiyo kwa muda fulani unaishi bila msaada huo na taka zinaongezeka kwenye masanduku ya watu. Ofisi ilinung'unika. Mimi niliona afadhali manung'uniko kuliko mteja aliyepotea. Nilianza kuilisha kumbukumbu zetu wenyewe: barua za Mombasa, za Malaba, za Kigali, za yule mama na ndugu zake.

Kwa Kiswahili inajifunza polepole kuliko kwa Kiingereza, na sababu yake haina uchawi. Kichujio huhesabu neno zima lililo kati ya nafasi mbili. Kwa Kiingereza kitenzi cha kulipa kina sura chache. Kwetu, nitalipa, tumelipa, hajalipa, watakapolipa, ulipolipwa na mlipie ni maneno tofauti kabisa machoni pa mashine, na kila moja linataka kuonwa mara nyingi ndipo lipate uzito. Ongeza Kiswahili cha Kongo, cha Mombasa na cha Dar, kila mmoja na tahajia yake. Niliendelea kulisha hata baada ya kuvuka mpaka ule wa 200 kwa mbali sana, ndipo alama za barua zetu za Kiswahili zilipotulia.

Kuna mpangilio mwingine unaopendekezwa sana ambao mimi nauogopa. SpamAssassin ina kijalizo kiitwacho TextCat kinachobashiri lugha ya barua, na unaweza kukiambia lugha unazozikubali. Barua ya lugha nyingine inaongezewa alama. Kiswahili kimo kwenye orodha yake, kwa kifupisho sw. Kiganda hakimo. Kirundi hakimo. Barua fupi yenye mchanganyiko, "Ssebo, gari ya KBZ imefika, webale nnyo," inabashiriwa kuwa lugha ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuisikia. Kwa ofisi ya Oslo labda kinafaa. Kwa Afrika Mashariki, ambako sentensi moja hubeba lugha tatu bila mtu kushangaa, kizime.

Kufundisha nako kuna siasa zake. Dovecot inaweza kupangwa hivi kwamba mtu akihamisha barua kwenda folda ya taka, kichujio kinajifunza papo hapo. Inasikika vizuri. Tatizo ni kwamba watu huhamishia huko kila kitu wasichokipenda. Kuna kaka mmoja wa ghala alikuwa anatupa taka kila kikumbusho cha kurejesha fedha za safari alizochukua ofisini. Mwingine alitupa matangazo yote ya Hajji kuhusu kuchelewa kazini. Mashine haijui chuki za watu, ikaanza kuamini kwamba barua za mkurugenzi ni taka. (Wapo waliosema mashine imeanza kuwa na akili.) Siku hizi folda ya kufundishia ni tofauti, inaitwa "Nadhani ni taka", na mimi ndiye ninayeipitia kabla ya kuilisha kichujio.

Niseme pia kwamba kupitia barua za watu si jambo la kufanya kienyeji. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, na barua za forodha zimejaa nakala za pasipoti, namba za mlipakodi, mikataba. Ninasoma tu kile mtu alichokiweka mwenyewe kwenye folda hiyo. Na sipeleki sampuli kwa huduma yoyote ya nje, hata ile inayoahidi kuchuja bure. Hasa ile inayoahidi bure.

Januari 2021 ilituletea somo ambalo hakuna mwongozo ulioliandika. Intaneti ilizimwa nchi nzima jioni ya tarehe 13, siku moja kabla ya uchaguzi, ikarudi tarehe 18. Seva yetu iko Kampala, kwa hiyo kwa dunia nzima haikuwapo. Barua pepe imeundwa kuvumilia jambo kama hilo: seva ya mtumaji ikishindwa kukupata huweka barua foleni na kurudia kujaribu, na Postfix, kwa mfano, haikati tamaa mpaka zipite siku 5. Hesabu mwenyewe tulivyokuwa karibu na ukingo. Watumaji wenye seva zenye subira fupi walikuwa wamekwisha kurudishiwa barua zao.

Hajji akasema pawe na seva ya akiba nje ya nchi. Ikawekwa ndogo, Ujerumani, kama MX ya pili, ipokee barua pale ya Kampala isipopatikana. Hazikupita siku nyingi, taka zikaongezeka, na zote zikawa zinaingilia kwa ile ya pili, ingawa ya kwanza ilikuwa hai na mzima. Watumaji wa taka wanajua kwamba seva ya akiba kwa kawaida ina ulinzi hafifu, kwa hiyo hubisha hodi huko makusudi. Baya zaidi, ile ya akiba haikuwa na orodha ya wafanyakazi wetu. Ilipokea barua za majina yasiyokuwapo, ikazileta Kampala, Kampala ikazikataa, nayo ikabaki na kazi ya kuzirudisha kwa "mtumaji". Mtumaji ni jina la kuibwa. Kwa hiyo tukawa sisi ndio tunaomwagia taka watu wasio na habari na sisi.

Ikabidi seva ya akiba ipewe orodha ile ile ya majina, postscreen ile ile, na orodha nyeusi zile zile. Na seva ya Kampala iambiwe kwamba anwani ya Ujerumani ni ya nyumbani. Bila hilo la mwisho, SpamAssassin huiona barua kama imetoka Ujerumani, na ukaguzi wa SPF, unaotazama kama anwani ya IP imeruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani (jina linalofuata alama ya @), unafeli kwa kila mtu mwaminifu. Kipengele kinaitwa trusted_networks. Mtu asiyekuwa na sababu nzito ya kuwa na MX ya pili, aachane nayo. Sisi sababu tunayo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kwa seva ndivyo. Kijana wetu mmoja wa mpakani aliingiza nywila yake kwenye ukurasa wa uongo uliofanana na wetu. Usiku huo seva ikaanza kutuma. Asubuhi niliandika mailq, amri ya kuonyesha barua zilizo foleni, nikaona majina yanapita kwenye skrini bila kusimama, watu wa nchi ambazo hatujawahi kufanya nazo biashara, na wote eti wanaandikiwa na kijana wa Malaba kuhusu urithi. Kufunga akaunti na kufuta foleni ni kazi ya dakika chache. Kuondolewa kwenye orodha nyeusi ndiko kulikochukua muda, na wakati huo washirika wetu wa Mombasa walikuwa wanatujibu kwa 550, namba ya kukataa kabisa. Tangu hapo kila akaunti ina kikomo cha barua kwa saa. Karani hahitaji kuandikia watu mia tatu usiku wa manane.

Kuhusu SPF, DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (maagizo ya mwenye kikoa kuhusu barua zinazofeli ukaguzi huo) sitakaa. Ziweke zote, kwa sababu tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai walau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na kwa wanaotuma kwa wingi (kwa Google, barua 5000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail) wanadai zote tatu. Ila zinathibitisha jambo moja tu: kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa. Hazisemi kama mwenye kikoa ni mwema.

Hilo tuliliona kwa mshirika wetu mmoja wa Dar es Salaam. Sanduku lake lilikuwa limeingiliwa, mtu akakaa humo akisoma mazungumzo yetu naye kimya kimya. Kisha akasajili kikoa kinachofanana na chake, herufi moja tu imebadilika, akaweka SPF yake, DKIM yake, kila kitu safi. Akatujibu ndani ya mazungumzo yale yale, na barua zote za nyuma zikiwa zimenukuliwa chini: ankara sahihi, namba ya kontena sahihi, jina la meli sahihi. Jambo moja tu jipya: akaunti ya benki imebadilika.

Niliichunguza alama yake baadaye. Ilikuwa chini ya sifuri. Bayes yangu, niliyoifundisha kwa jasho ielewe lugha yetu, iliipa barua ile BAYES_00, punguzo la alama 1.9, kwa sababu zaidi ya robo tatu ya maneno yake yalikuwa maneno yetu wenyewe. Kadiri kichujio kilivyotufahamu ndivyo kilivyomwamini mtu aliyetunukuu.

Aliyeishika ni dada wa uhasibu. Alikuja mezani kwangu na karatasi aliyoichapisha. "Huyu si mzee wetu wa Dar."

"Umejuaje, nyabo?"

"Hajanisalimia. Mzee yule hawezi kuniandikia bila kuuliza hali ya mama yangu. Huyu ameanza na pesa."

Akampigia mzee kwa namba iliyokuwa kwenye faili la karatasi. Akamwamkia shikamoo, wakaulizana hali, ndipo akamuuliza habari za benki. Mzee hakuwa na habari yoyote.

Baada ya hapo niliongeza kitu kidogo ambacho naona kimesaidia kuliko vingi vya kununuliwa. Seva ina orodha ya vikoa vyote tulivyowahi kuviandikia. Barua ikitoka kwenye kikoa ambacho hakimo, kichwa chake kinaongezewa neno [MGENI]. Haizuiwi, haihukumiwi. Lakini kama barua inajifanya ya mzee wa Dar ambaye mmeandikiana miaka yote, na imeandikwa MGENI, hata aliyechoka ataona. Na mabadiliko ya akaunti ya benki yanathibitishwa kwa simu, kwa namba ya faili la zamani, si ile iliyo chini ya barua. Hajji alitaka kulifanya hilo kanuni ya maandishi. Dada wa uhasibu alikuwa ameshalianza.

Wapo wanaoniuliza kama nao waanze seva yao. Wakiwa ni watu watano wenye barua za kawaida, nawaambia walipie huduma walale. Wakiwa kama sisi, wenye watu wengi na barua ambazo kila mfumo wa ng'ambo unazidhania utapeli, inawezekana kabisa, mradi pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo na anayependa kusoma logi. Kabla ya kununua chochote, mpigie mtoa huduma wako wa intaneti umuulize kama anaweza kukuwekea rekodi ya PTR, ile inayoirudisha anwani ya IP kwenye jina la seva yako. Bila hiyo wakubwa wengi hawatapokea barua zako. Akikujibu "PTR ndiyo nini?", mshukuru, kata simu, piga kwa mwingine.